Jinamizi la Nigeria na mipira 370

Tarehe 28 Julai 1984 Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Los Angeles, katika uwanja wa Coliseum. Upande wa mashariki, chini ya milima ya San Gabriel, kuna mji mdogo uitwao Azusa. Kutoka hapo hadi Coliseum ni chini ya saa moja kwa gari, barabara ikiwa haijafunga. Katika mji huo alikuwepo kijana wa Kinigeria aliyekuwa na kila sababu ya kuwa ndani ya uwanja ule: Christian Okoye, mrusha kisahani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, aliyeletwa Marekani na riadha mwaka 1982. Nigeria ilipotaja kikosi chake cha Olimpiki, jina lake halikuwemo.

Wiki mbili baadaye mwenzake wa chuo hicho hicho, Mnigeria Innocent Egbunike, alipanda jukwaani pale pale Coliseum kupokea medali ya shaba ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Okoye alibaki na mwili wake mkubwa, mikono yenye nguvu, na majira yote ya joto bila kazi. Hapo ndipo alipokubali kujaribu mchezo aliokuwa ameutazama na kuuona unachosha: futiboli ya Kimarekani. Mwezi huo wa Agosti alitimiza miaka 23. Watoto wa Texas na Ohio huvaa kofia ngumu za mchezo huo wakiwa na miaka minane au tisa. Yeye hakuwa amewahi kuigusa.

Alizaliwa Enugu, mji wa makaa ya mawe mashariki mwa Nigeria, tarehe 16 Agosti 1961. Alikuwa hajatimiza miaka sita Biafra ilipojitangazia uhuru mwaka 1967 na kuifanya Enugu makao makuu yake. Kabla mwaka huo haujaisha, majeshi ya serikali ya shirikisho yalikuwa yameuteka mji. Vita viliendelea hadi Januari 1970, na watoto wa Kiigbo wa rika lake waliujua ukimbizi na njaa kabla ya kujua kusoma. Baada ya vita maisha yalirudi kwenye mstari: soka mchangani, shule, halafu riadha. Kwenye uga wa kurushia walimu waligundua kwamba kijana huyu mzito ana kasi isiyolingana na uzito wake. Kisahani hakirushwi kwa misuli ya mkono peke yake. Mrushaji huzunguka mara moja na nusu ndani ya duara la mita mbili na nusu, na nguvu hutoka kwenye nyonga na mapaja. Nyonga hizo na mapaja hayo ndiyo yaliyomfungulia baadaye mlango wa futiboli ya Kimarekani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, hesabu yake ni hii. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu inapewa manne mengine, na huendelea hivyo hadi ifike mwisho wa uwanja na kupata pointi sita za tachidauni. Mpira unaweza kusogezwa kwa kurushwa, kazi ya kwotabeki. Njia ya pili ni kumkabidhi mtu akimbie nao. Mtu huyo ni ranibeki. Mbele yake wako watu watano wenye miili mikubwa wa timu yake wakisukumana na wapinzani, na kati yao hutokea upenyo ambao hufunguka na kufungwa kwa muda wa kukonyeza jicho. Ranibeki hupokea mpira akiwa tayari yuko mwendoni, huukumbatia tumboni, huchagua upenyo, huingia. Mara nyingi hupata yadi tatu na kulaliwa na watu wanne. Kisha anainuka, anarudi nyuma, na jambo lile lile linaanza upya. Takwimu za ranibeki husomwa hivi: alibeba mpira mara ngapi, alipata yadi ngapi. Idadi ya mara alizobeba ndiyo pia idadi ya vipigo alivyopokea, ingawa hakuna anayeiandika hivyo.

Azusa Pacific ni chuo cha Kikristo kilichokuwa katika NAIA, chama cha vyuo vidogo, mbali na vyuo vikubwa ambavyo mechi zao huonekana kwenye televisheni ya taifa. Okoye alikishindia mataji ya kisahani, tufe na nyundo. Kwenye futiboli alianza kama mtu anayejifunza lugha ukubwani. Hakujua aina za mashambulizi, hakujua kwa nini refa anapuliza filimbi, na alikimbia wima kama mwanariadha badala ya kuinama kama wanavyofundishwa watoto wa mchezo huo. Kosa hilo la kukimbia wima hakuliacha hata alipokuwa maarufu, na liko siku lilimgharimu mbele ya taifa zima. Lakini vijana wa vyuo vidogo waliotakiwa kumwangusha walikuwa na kilo 85 au 90, naye alikuwa anaelekea 118. Katika misimu mitatu alipata yadi 3,569 na tachidauni 33.

Takwimu za chuo kidogo huwa haziaminiwi na maskauti. Husema, na si kwa ubaya, kwamba hata mimi ningekimbia mbele ya mabeki wale. Kwa hiyo mechi iliyobadilisha maisha ya Okoye haikuwa ya Azusa bali ya Mobile, Alabama, mwanzoni mwa 1987. Huko kila mwaka hufanyika Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wachezaji wanaomaliza chuo, na makocha wa ligi kuu hukaa wiki nzima wakiwapima wachezaji kama wanunuzi mnadani. Okoye alifunga tachidauni nne dhidi ya vijana kutoka vyuo vikubwa. Kuanzia siku hiyo chuo chake hakikuwa tena hoja.

Ligi kuu, NFL, huwagawa vijana wapya kwa zamu: kila timu huchagua mmoja, mzunguko baada ya mzunguko. Mwaka 1987 Kansas City Chiefs, timu ya jimbo la Missouri, walitumia zamu yao ya kwanza kumchukua Paul Palmer wa Chuo Kikuu cha Temple, ranibeki aliyekuwa ameshika nafasi ya pili katika kura ya Tuzo ya Heisman, heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Kisha zamu ya pili ilipofika, katika nafasi ya 35, wakamchukua ranibeki mwingine: Okoye. Mmoja alikuwa jina linalojulikana nchi nzima, mwingine alikuwa na misimu mitatu tu ya mchezo maishani mwake. Miaka miwili baadaye Palmer hakuwa tena Kansas City.

Waafrika walikuwa wamekwisha kufika NFL kabla yake, lakini kwa mlango mwingine. Wanigeria Obed Ariri na Donald Igwebuike walipita chuo cha Clemson na kuichezea Tampa Bay miaka ya 1980 kama wapiga mpira kwa mguu. Kazi hiyo inamfaa mtu aliyelelewa na soka: unaingia, unapiga, unatoka, na sheria zinakulinda usiguswe. Okoye aliingia kwenye kazi ambayo kuguswa ndiyo yenyewe.

Mechi yake ya kwanza ya ligi, Septemba 1987 dhidi ya San Diego Chargers, alipita yadi 100 na timu ikashinda 20 kwa 13. Haikupita wiki mbili ligi nzima ikasimama. Wachezaji waligoma wakidai uhuru wa kuhama timu mkataba unapoisha. Mechi za wiki moja zikafutwa, na kwa wiki tatu wamiliki wa timu wakawavalisha jezi watu wa kuokota. Mgomo ulikufa bila wachezaji kupata walichotaka. Okoye aliumaliza mwaka akiwa na yadi 660, Chiefs wakiwa na ushindi wa mechi nne tu. Mwaka 1988 ulikuwa mbaya zaidi kwake: majeraha, yadi 473, na timu ikashinda nne tena. Kama hadithi ingeishia hapo angekuwa jina la chini kabisa kwenye orodha ndefu.

Mtu aliyeigeuza ni kocha. Marty Schottenheimer aliondoka Cleveland na kuja Kansas City kwa ajili ya msimu wa 1989. Imani yake ilikuwa moja na hakuificha: beba mpira, linda lango lako, usifanye makosa, mpinzani atachoka kabla yako. Kwotabeki wake, Steve DeBerg, alikuwa mtu mzima wa miaka 35, mjanja kuliko alivyokuwa na mkono wenye nguvu. Kocha wa aina hiyo, mwenye kwotabeki wa aina hiyo, akikuta ranibeki wa kilo 118 anayeweza kukimbia yadi 40 kwa kama sekunde 4.5, hana haja ya kufikiri sana. Akampa mpira. Wiki iliyofuata akampa tena.

Msimu wa ligi ulikuwa na mechi 16. Okoye alibebeshwa mpira mara 370, zaidi ya mara 23 kwa kila mechi. Hakuwa mtu wa kudaka pasi. Zile alizodaka mwaka ule ni za kuhesabu kwa vidole. Hakuwa mtu wa chenga pia. Alichofanya kilionekana kutoka jukwaa la mwisho la uwanja wa Arrowhead: mpira unakabidhiwa, beki wa kwanza anamkamata kiunoni na kuburutwa, wa pili anamrukia mgongoni, wa tatu anakuja mbele, na rundo zima linaendelea kusogea yadi mbili, tatu, kabla ya kuanguka. Robo ya nne ya mechi mabeki walianza kuchelewa. Hawakuwa wamechoka tu. Walikuwa wanachagua pa kumkamata. Vyombo vya habari vikampa jina la Jinamizi la Nigeria, jina ambalo sauti yake ni tamu kwa mtangazaji na ambalo lilimfuata kila alikokwenda. Binafsi sijawahi kulipenda sana, kwa jinsi linavyoligeuza taifa zima kuwa kitu cha kutisha watoto usiku. Lakini yeye mwenyewe alilikubali, akalitumia, na mimi si msemaji wake.

Rekodi aliyokuwa akiikimbiza ndani ya klabu ilikuwa ya mtu aliyekufa. Joe Delaney alipata yadi 1,121 kwa Chiefs mwaka 1981, msimu wake wa kwanza. Juni 1983, huko Monroe, Louisiana, aliwaona watoto watatu wakizama katika bwawa, akajitosa kuwaokoa ingawa hakuwa muogeleaji. Mtoto mmoja alinusurika. Wawili walikufa pamoja naye. Alikuwa na miaka 24. Hakuna mchezaji wa Chiefs aliyevaa namba yake, 37, tangu siku hiyo. Kwa hiyo Okoye alipoivuka rekodi ile, Kansas City ilishangilia kwa namna ya watu wanaokumbuka kitu kingine wakati huo huo.

Lakini ushindani mkubwa ulikuwa nje ya klabu. Mwaka ule ule Detroit walikuwa wamepata ranibeki mpya, Barry Sanders, mfupi wa mita 1.73, mtu aliyekimbia kama maji yanayotafuta njia kwenye mawe. Hakuna watu wawili wa nafasi moja waliotofautiana kuliko hawa. Sanders hakuburuta mtu. Alikuacha umekumbatia hewa. Hadi wiki ya mwisho ya msimu, mkesha wa Krismasi 1989, wote wawili walikuwa bado kwenye mbio za kuwania nani atamaliza na yadi nyingi kuliko wote katika ligi.

Detroit walikuwa Atlanta. Sanders alifunga tachidauni tatu na kupata yadi 158. Mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa, habari zilifika kwenye benchi kwamba zimebaki yadi 10 ili amfikie Okoye. Kocha Wayne Fontes akamuuliza kama anataka kurudi ndani azitafute. Kwa Sanders, siku ile, yadi 10 zilikuwa mbio moja. Alikataa. Timu inashinda, wenzake waingie, na yeye atakaa. Alikuwa kijana wa miaka 21 katika msimu wake wa kwanza, na baba yake, kwa maelezo ya wengi waliomjua, hakuwa mtu wa kumsifia mtoto kwa takwimu.

Ubingwa wa mbio ukaenda kwa Okoye: yadi 1,480 kwa 1,470. Kuna mashabiki wa Detroit ambao mpaka leo huuhesabu kuwa wa Sanders, nao wana hoja, kwa sababu Sanders alipata yadi zake kwa kubeba mpira mara 280 tu, mara 90 pungufu. Wastani wake ulikuwa yadi 5.3 kwa kila mbio, wa Okoye 4.0. Hata hivyo naona hoja hiyo inakosea mahali. Mbio za Okoye zilikuwa zile zisizopendeza: yadi mbili zinahitajika na uwanja mzima unajua nani anapewa mpira, mabeki wanane wamejazana katikati, na yeye anaingia pale pale. Takwimu za wastani haziwezi kukuonyesha tofauti kati ya yadi tatu za bure na yadi tatu za namna hiyo. Chiefs walimaliza na ushindi wa mechi nane, kushindwa saba na sare moja, mara mbili ya ushindi wa mwaka uliotangulia. Miaka mitano tangu alipokosa nafasi ya Olimpiki, mtu aliyeujua mchezo ukubwani alikuwa amekimbia kuliko Mmarekani yeyote aliyezaliwa nao.

Namba 370 inanirudisha nyuma kila nisomapo maisha yake. Miaka mingi baadaye wachambuzi wa takwimu za ligi waliandika kwamba ranibeki akishabebeshwa mpira mara 370 au zaidi katika msimu mmoja, mwaka unaofuata huporomoka, kwa majeraha au kwa miguu kuwa mizito. Wapo waliobisha kwamba mstari huo umechorwa kwa kuchagua mifano, na ubishi huo una msingi. Kwa Okoye hakuna haja ya nadharia. Mwaka 1990 alibeba mara 245 akapata yadi 805, wastani wa 3.3. Ranibeki mwingine, Barry Word, alianza kuchukua sehemu ya kazi yake, na Oktoba mwaka huo Word peke yake alipata yadi 200 katika mechi moja dhidi ya Detroit.

Lakini kinachokumbukwa na watu kuhusu 1990 ni pigo moja. Jumatatu usiku, tarehe 17 Septemba, Chiefs walikuwa Denver, mechi ikionyeshwa nchi nzima. Steve Atwater, beki wa mwisho wa Denver Broncos, alikuwa katika msimu wake wa pili, mtu wa kilo 98 hivi, na usiku ule watengenezaji filamu wa ligi walikuwa wamemfunga kipaza sauti mwilini. Okoye alipokea mpira, akapenya katikati, na mbele yake uwanja ukafunguka. Hapakuwa na mtu isipokuwa Atwater anayemjia kwa kasi. Mamia ya mabeki kabla yake walikuwa wamechagua kumkamata miguuni. Atwater hakuinama. Walikutana kifua kwa kifua, na Okoye, aliyekuwa bado anakimbia wima vile vile alivyokimbia Azusa, akarudishwa nyuma na kuanguka chali. Atwater akasimama juu yake na kusema maneno machache ambayo kipaza sauti kiliyanasa.

Mbio hiyo haikuamua mechi. Denver walishinda kwa pointi moja, 24 kwa 23, kwa sababu nyingine kabisa. Lakini filamu ilikuwepo, sauti ilikuwepo, na tangu hapo kipande hicho kimeonyeshwa mara nyingi kuliko mbio zote 370 za mwaka uliotangulia zikijumlishwa. Atwater alichaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Magwiji wa futiboli mwaka 2020, na wengi waliozungumzia sifa zake walianza na usiku ule. Okoye kwa upande wake amekuwa akiulizwa juu ya pigo lile maisha yake yote. Fikiria kufanya kazi moja mara 1,246, na watu wakukumbushe ile moja.

Hata hivyo hakuwa amekwisha. Mwaka 1991 alionekana kama mtu aliyepumzika. Kazi sasa iligawanywa kati yake, Word na kijana mpya Harvey Williams, na kugawanywa huko ndiko kulikomfufua: mara 225, yadi 1,031, tachidauni 9, wastani wa 4.6. Oktoba, Jumatatu usiku tena, Chiefs waliwafunga Buffalo Bills 33 kwa 6 pale Arrowhead, Okoye na Williams wote wakipita yadi 100. Buffalo hao hao walifika Super Bowl, fainali ya ligi, msimu ule. Mwezi Desemba Chiefs waliwatoa Los Angeles Raiders 10 kwa 6, ushindi wao wa kwanza wa mchujo tangu walipotwaa ubingwa Januari 1970. Walipokwenda Buffalo kwa raundi iliyofuata wakapigwa 37 kwa 14. Okoye akachaguliwa kwa mara ya pili kwenye mechi ya nyota wa ligi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya Kijapani Tecmo ilitoa mchezo wa video wa futiboli wa mashine ya Nintendo, wenye majina halisi ya wachezaji. Mtu aliyebuni nguvu za kila mchezaji alimpa Okoye uwezo wa kuwatupa mabeki kando wanapomrukia, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa uwanja. Watoto wengi wa Marekani wa kizazi kile walimjua kwenye sebule zao kabla hawajamwona uwanjani, na wengine hawakumwona uwanjani kabisa. Ndani ya mchezo ule anakimbia wima, na hakuna anayemwangusha.

Nje ya mchezo ule magoti yalikuwa yakiisha. Msimu wa 1992 alibeba mara 144 kwa yadi 448, akitumiwa zaidi karibu na lango, pale yadi moja au mbili zinapohitajika. Kwa hiyo bado alifunga tachidauni sita. Timu ilitolewa na San Diego bila kupata pointi hata moja, 17 kwa 0. Kabla ya msimu wa 1993 kuanza alistaafu. Alikuwa na misimu sita ya ligi, yadi 4,897 na tachidauni 40 za mbio, nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa mbio katika historia ya klabu hadi siku hiyo. Na mwaka huo huo wa 1993 Chiefs wakawaleta Joe Montana, kwotabeki mwenye mataji manne ya Super Bowl, na Marcus Allen, ranibeki mwenye umri mkubwa kuliko Okoye lakini mwenye miguu iliyobaki. Walifika mechi moja kabla ya Super Bowl. Aliyekuwa ameijenga timu kwa mgongo wake alitazama kama mtazamaji mwingine yeyote.

Huwa napima kazi yake dhidi ya swali ambalo haliwezi kujibiwa: angeanza akiwa na miaka kumi, angekuwa nani? Wengi hudhani angekuwa bora. Sina hakika. Mtoto anayebeba mpira tangu akiwa na miaka kumi hufika ligi kuu akiwa na mamia ya vipigo mwilini. Okoye alifika akiwa na magoti karibu mapya, na hiyo pengine ndiyo sababu Schottenheimer aliweza kumpa mpira mara 370 kwa msimu mmoja bila mtu kuvunjika. Alichokosa ni ujuzi mdogo mdogo wa kujilinda: kuinama, kugeuza bega, kuacha pigo lipite pembeni. Ujuzi huo hujengwa utotoni, na hakuna kocha awezaye kuufundisha kwa mtu mzima ndani ya miaka mitatu.

Aliishi California baada ya kustaafu, akafanya biashara ya virutubisho vya mwili, akaanzisha Ukumbi wa Magwiji wa Michezo wa California. Chiefs walimwingiza katika ukumbi wao wa heshima mwaka 2000. Rekodi yake ya yadi nyingi kwa msimu ilivunjwa na Priest Holmes mwaka 2001, na ile ya jumla ya klabu ikavunjwa na Holmes huyo huyo mwaka 2004. Tangu hapo Jamaal Charles amempita Holmes pia.

Njia aliyoifungua imepanuka. Leo majina ya Kiigbo na Kiyoruba hayamshtui tena mtangazaji wa NFL, ingawa wengi wa wenye majina hayo walizaliwa au kulelewa Marekani na kuuanza mchezo shuleni. Waliofuata nyayo zake hasa, yaani waliofika ukubwani wakitokea mchezo mwingine, ni wachache. Mmoja wao ni Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga Afrika Kusini na New Zealand kabla ya kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, bila kuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya futiboli. Alikuwa Mkenya wa kwanza katika ligi hiyo, akacheza mechi chache, na mwaka 2015 akaachwa. Hakupewa mpira. Colts walimfundisha nafasi ya linibeka, ya watu wanaolipwa kuwaangusha wakimbiaji wa aina ya Okoye.